Mti wa dawa darasani: usiulize unatibu nini

Swali

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi wangu wakusanye mimea ya dawa inayojulikana na wazee wao, kwa nia ya kuwajengea ari ya kutunza mazingira. Tulipata orodha ndefu ya mimea na magonjwa, na wanafunzi walilifurahia somo. Hata hivyo, mti mmoja ulio karibu na uwanja wa shule ulibanduliwa gome karibu kuzunguka shina lote na wanafunzi waliokuwa wakitafuta sampuli. Mkuu wa shule naye anasema kwamba somo hili linakaribisha ushirikina na linaweza kuwafanya watoto wajitibu wenyewe. Je, niendelee? Na nikiendelea, nifanyeje ili maarifa haya yalete uelewa wa mazingira badala ya orodha ya kukariri?

Jibu

Mwalimu, nakushauri uendelee, ila ubadilishe swali unalowapa wanafunzi. Ulipowauliza ni mimea gani inatibu nini, uliwapa kazi ambayo jibu lake ni jina la mmea na jina la ugonjwa, na jibu la namna hiyo halimlazimishi mtu kuutazama mmea mahali unapoota wala kufikiri nini kitafuata baada ya kuukata. Ndiyo maana wanafunzi wako waliweza kuusifu mti na kuubandua gome katika kazi moja, wala hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Naomba tuanze na mti huo, kwa sababu ndio kifaa bora zaidi cha kufundishia ulicho nacho kwa sasa. Chini ya gome gumu la nje kuna floemu, yaani tishu inayosafirisha sukari iliyotengenezwa majanini kwenda sehemu nyingine za mmea, ikiwemo mizizi. Ndani yake kuna tabaka jembamba la kambiamu linalozalisha seli mpya, na ndani zaidi kuna zailemu, inayopandisha maji na madini kutoka ardhini. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, zailemu huendelea na kazi yake, na kwa hiyo majani yanaweza kubaki ya kijani kwa majuma au hata miezi, huku mizizi ikiishi kwa akiba yake ya wanga mpaka itakapokwisha. Hapo ndipo mti hufa, na aliyechukua gome amekwisha kusahau. Pengo hili la muda kati ya kitendo na matokeo yake ni mojawapo ya mambo magumu zaidi kumfundisha kijana kuhusu mazingira, na wewe unalo mbele ya dirisha la darasa.

Waambie wanafunzi wapime mzingo wa shina kwenye jeraha, kisha wapime ni sehemu gani ya mzingo huo bado ina gome linalounganisha juu na chini. Likiwa limebaki tepe la kutosha, mti una nafasi ya kupona, na kambiamu iliyo kwenye kingo za jeraha itaanza kujenga tishu mpya kuelekea katikati. Wapige picha au wachore mchoro kila mwezi, wakisimama mahali palepale, na waandike kama kuna dalili za kuvu, wadudu watoboaji, au machipukizi yanayotoka chini ya jeraha. Usikubali kazi hii igeuzwe kuwa adhabu ya waliokosa. Ni uchunguzi, na anayefanya uchunguzi kwa aibu huficha takwimu.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe. Somo la mazingira halihitaji kujua mti unatibu nini. Linahitaji kujua mti unaota wapi na pamoja na mimea gani, ni sehemu ipi inayochukuliwa, inachukuliwa msimu gani na kwa kiasi gani, na kama mti huo leo unapatikana kirahisi kama ulivyopatikana zamani. Mzee anayeijua dawa huyajua haya yote, mara nyingi kwa undani zaidi kuliko kitabu chochote cha botania, na huwa tayari kuyasimulia bila wasiwasi, kwa kuwa hayagusi siri ya mchanganyiko wala kipimo. Kwa hatua hiyo moja unakuwa umepunguza sana hofu mbili kwa pamoja: mwanafunzi haondoki darasani na mapishi ya dawa ya kwenda kujaribu, na familia iliyorithi ujuzi wake haiporwi kitu.

Ukishabadilisha swali, mada za kawaida za biolojia zinaanza kujipanga zenyewe. Anza na jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: kwa nini mmea una dawa hata kidogo? Mmea hauna miguu ya kukimbia mdudu, mnyama wala kuvu, na kwa hiyo hujilinda kwa kemikali. Alkaloidi nyingi huwa chungu au zenye sumu kwa wanyama walao majani. Tanini hufanya majani yawe magumu kumeng’enywa. Mafuta yenye harufu kali huwafukuza baadhi ya wadudu na mara nyingine huwaita maadui wa wadudu hao. Magome ya miti ya jenasi Salix yana salisini, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi salisiliki, ndugu wa kikemia wa aspirini, iliyotengenezwa kwa umbo safi mwaka 1897. Lakini mimea mingi hutengeneza asidi salisiliki kwa mahitaji yake yenyewe, hasa kama ishara inayoziamsha tishu nyingine zijilinde pale sehemu moja inaposhambuliwa na vimelea. Mwanafunzi akilielewa hili, anaacha kuuona mti kama kabati la dawa lililowekwa kwa ajili yake. Anauona kama kiumbe kilicho katika mapambano ya muda mrefu, na dawa tunayoitumia ni silaha iliyotengenezwa katika mapambano hayo.

Kutokana na hapo linafuata jambo jingine ambalo wazee huwa wamekwisha kuliona: mmea wa aina ileile huwa na nguvu tofauti kulingana na mahali na wakati. Mwanga, udongo, ukame, umri wa jani na mashambulizi ya wadudu hubadilisha kiasi cha kemikali ambacho mmea hutengeneza. Mchumaji anaposema kwamba majani ya bondeni hayafai kama ya mlimani, au kwamba mzizi haupaswi kuchimbwa wakati wa mvua, ametoa nadharia tete inayoweza kuchunguzwa. Inaweza kuthibitika au kukanushwa, na matokeo yote mawili yana thamani darasani.

Mada yenye utajiri mkubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya sehemu inayovunwa, na hapa ningekaa majuma kadhaa. Kuchuma majani machache au matunda hakuui mti mama, ingawa kuchukua matunda yote kila mwaka kunainyima miche nafasi ya kuota. Kubandua gome kunaweza kuua. Kuchimba mzizi mkuu au kung’oa mmea mzima huua mara nyingi. Wape wanafunzi mifano ya kweli. Prunus africana, mti wa misitu ya milimani barani Afrika, umetumiwa katika tiba asili kwa vizazi vingi, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 dondoo la gome lake likawa bidhaa inayouzwa Ulaya kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume. Mahitaji yalipopanda, miti mingi ilibanduliwa kabisa na mingine ikakatwa ili gome la juu lifikiwe. Nchini Kamerun palikuwa na kanuni iliyoruhusu kuvuna robo mbili tu za mzingo wa shina zinazoelekeana, ili robo nyingine mbili zibaki zikilisha mizizi. Kanuni hiyo ni fiziolojia ya mimea iliyoandikwa kwa lugha ya usimamizi wa misitu, na ilivunjwa mara nyingi pale ambapo bei ya gome ilikuwa na sauti kubwa kuliko mlinzi wa msitu. Tangu mwaka 1995 mti huu umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vinavyoweza kuhatarishwa na biashara hiyo.

Baada ya kisa hicho, waeleze kisa cha paklitakseli, dawa ya saratani iliyogunduliwa katika gome la Taxus brevifolia, mti wa magharibi mwa Amerika Kaskazini unaokua polepole mno. Gome la mti mmoja lilitoa kiasi kidogo sana cha dawa, na mti uliobanduliwa ulikufa. Ufumbuzi ulitoka kwenye majani ya mti wa jamii hiyohiyo, Taxus baccata, ambayo yana kemikali mtangulizi inayoweza kugeuzwa kuwa paklitakseli maabara. Majani huchipua tena yakikatwa, gome lililobanduliwa kuzunguka shina halichipui. Wazo la kuhama kutoka gome hadi jani limependekezwa pia kusini mwa Afrika kwa Warburgia salutaris, mti ambao gome lake limevunwa mno, baada ya watafiti kuona kwamba majani yake yana kemikali zinazokaribiana na zile za gome. Waulize wanafunzi wako, kwa kila mmea waliouorodhesha muhula uliopita, ni sehemu gani inachukuliwa na kama mmea unaweza kuirejesha. Orodha ileile uliyoiona kuwa mzigo wa kukariri itageuka kuwa jedwali la hatari, na watabishana juu yake.

Kazi ya nje ya darasa isiwe matembezi. Chagueni aina moja au mbili tu za miti ya dawa zinazotambulika kwa urahisi, na mweke viwanja vya sampuli vya mita 20 kwa 20 kwa ajili ya miti, na ndani yake viwanja vidogo vya mita 1 kwa 1 kwa ajili ya miche. Viwanja vipangwe kwa bahati nasibu, kwa maana wanafunzi wakiachiwa kuchagua, watachagua penye miti mizuri. Kila mti upimwe mzingo katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini kwa utepe wa fundi cherehani, na mzingo ugawanywe kwa 3.14 kupata kipenyo. Madhara ya gome yapewe alama kuanzia 0 kwa mti usioguswa hadi 5 kwa mti uliobanduliwa kuzunguka shina lote. Kisha wachore grafu ya idadi ya miti katika kila kundi la ukubwa. Penye miche mingi, miti michanga ya kutosha na mikubwa michache, kizazi kinaendelea. Penye miti mikubwa tu, bila miche, msitu unaweza kuonekana mzuri kwa mpita njia huku ukiwa umekwisha kuacha kuzaa. Nimeona kwamba grafu hiyo moja huwagusa vijana kuliko hotuba yoyote juu ya ukataji miti, pengine kwa sababu wameichora wenyewe.

Takwimu za viwanja zinaonyesha hali ya leo tu, na hapa kumbukumbu za wazee zinakuwa chombo cha kisayansi. Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly alieleza jinsi kila kizazi cha watafiti kinavyouchukulia wingi wa samaki kiliowakuta mwanzoni mwa kazi yake kuwa ndio hali ya kawaida, na hivyo kutoiona hasara iliyotokea kabla yake. Jambo hilo halihusu samaki peke yao. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya msitu kurudi nyuma huamini kwamba msitu ulikuwa pale pale daima. Mwambie awaulize watu wa vizazi vitatu swali moja lenye kupimika: ulipokuwa na umri wangu, ulitembea kutoka wapi hadi wapi ili kuupata mmea huu? Majibu yaelekezwe kwa alama za kudumu kama mto, jiwe kubwa au njia panda, yawekwe kwenye ramani, na yalinganishwe. Kumbukumbu hupotoka, na mzee mmoja anaweza kutia chumvi, kwa hiyo muulizeni zaidi ya mmoja na mwandike tofauti zao badala ya kuzificha.

Hata hivyo, wazuie wanafunzi wasirukie hitimisho. Mmea ukiwa umepungua, haina maana kwamba wachumaji wa dawa ndio walioumaliza. Huenda ardhi ilifyekwa, mifugo ikala miche, moto ukapita mara nyingi mno, au mmea vamizi ukachukua nafasi. Lantana camara ni mfano mzuri wa kuchanganya akili zao kwa makusudi: asili yake ni maeneo ya joto ya mabara ya Amerika, imeenea sehemu nyingi za dunia, inasonga mimea ya asili, na papo hapo imeingia katika tiba za jamii nyingi zilizoupokea mmea huo. Je, mmea huo uhifadhiwe kwa kuwa ni dawa, au ung’olewe kwa kuwa ni mvamizi? Mwanafunzi atakayejibu swali hilo kwa hoja amefika mbali kuliko yule anayesema tu kwamba mimea ya dawa ni hazina yetu.

Kuhusu maabara, sharti la kwanza halina mjadala: hakuna kunywa, kutafuna, kunusa kwa karibu wala kupaka chochote, hata mmea unaoaminika kuwa hauna madhara. Yapo mengi ya kufanya bila hayo. Maji yaliyolowekwa majani yakitikiswa kwa nguvu ndani ya mrija na kubakiza povu zito kwa dakika kadhaa, yaelekea yana saponini, yaani kemikali za mimea zinazotoa povu kama la sabuni. Matone machache ya myeyusho wa kloridi ya feriki yakigeuza dondoo kuwa na rangi ya bluu-nyeusi au kijani-nyeusi, yaelekea kuna tanini au kemikali za jamii yake. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la uotaji wa mbegu: mbegu 20 za mmea unaoota haraka kwenye karatasi yenye unyevu wa maji matupu, na vikundi vingine vya mbegu 20 kwenye dondoo la majani lililopunguzwa nguvu kwa viwango tofauti, kila kikundi kikirudiwa mara tatu. Baadhi ya mimea itazuia uotaji wa majirani zake, na darasa litajionea kwamba kemikali hizo zina kazi porini hata pasipokuwa na mgonjwa. Sumu ikizidi au dondoo likiwa zito mno, mbegu hushindwa kuota kwa sababu nyinginezo, na ndiyo maana viwango tofauti ni vya lazima. Kuotesha bakteria kutoka kwenye ngozi au mate ili kuwajaribia dawa usikufanye kabisa katika maabara ya kawaida ya shule. Unaweza kukuza kimelea hatari bila kujua.

Wanafunzi watauliza, na ni haki yao kuuliza, kama dawa hizi zinafanya kazi. Usikwepe, na usijibu kwa ndiyo au hapana. Waeleze kuhusu Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, ambaye mwaka 1971 alirejea maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 yaliyoagiza mmea wa dawa ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa. Maandishi hayo hayakutaja kuchemsha. Alishuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa katika majaribio yaliyotangulia, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la chini, na kutokana na mmea wa Artemisia annua ikapatikana dawa ya malaria iitwayo artemisinini. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa mapokeo yalichangia jina la mmea na pia dokezo la mbinu, na sayansi ikachangia kipimo, usafishaji na majaribio. Waeleze pia upande wa pili wa kisa hicho: Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai au unga wa majani ya Artemisia kwa kukinga au kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha artemisinini hutofautiana, mara nyingi hakitoshi kuwamaliza vimelea, na matumizi hayo yanaweza kuchangia usugu wa dawa.

Kisha waeleze jambo lililotokea Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo watu zaidi ya 100, wengi wao wanawake, waliharibika figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza uzito vilivyokuwa na mmea wa jenasi Aristolochia, uliowekwa mahali pa mmea mwingine wenye jina la Kichina linalofanana nao. Kisa hicho kinawafundisha wanafunzi umuhimu wa kutambua mimea kwa usahihi, na ni wakati mwafaka wa kuanzisha mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa: tawi moja dogo kwa darasa zima, lenye jani na ua au tunda, likandamizwe kati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku mpaka likauke, na liambatanishwe na tarehe, mahali, makazi na jina la aliyelikusanya. Mkuu wako wa shule anapoogopa kwamba watoto watajitibu, kisa hiki na kile cha Artemisia ndivyo vya kumweleza. Somo lililofundishwa hivi humpa mtoto sababu za kusita, na mtoto asiyefundishwa hana sababu hata moja.

Kuhusu ushirikina, tenganisha madai kwa utulivu. Maelezo kuhusu sehemu ya mmea, makazi, msimu na namna ya kuandaa yanaweza kuchunguzwa. Maelezo kuhusu mizimu, viapo au ndoto za mganga hayana kipimo katika maabara yako, na mwalimu wa sayansi hana kazi ya kuyathibitisha wala kuyadhihaki. Yaache yalivyo na uendelee. Lakini mwiko unaosema kwamba mti fulani haukatwi, au kwamba mchumaji asirudi kwenye shina lilelile mpaka jeraha lizibe, una matokeo ya kiikolojia hata kama sababu inayotolewa si ya kiikolojia, na matokeo hayo yanapimika. Linganisheni sehemu ambako mwiko unaheshimiwa na ambako umeachwa.

Hapa naongeza tahadhari ambayo pengine haitawafurahisha wapenzi wa mapokeo. Sikubaliani na wanaowafundisha watoto kwamba wahenga wote walikuwa wahifadhi. Mavuno mengine ya zamani hayakudhuru kwa sababu tu watu walikuwa wachache, njia zilikuwa ngumu na soko lilikuwa mbali. Mvunaji yuleyule mwenye panga lilelile, akiunganishwa na mnunuzi wa magunia, huleta matokeo mengine kabisa. Ukiwaambia wanafunzi kwamba hekima ya zamani inatosha, siku watakapouona mti uliomalizwa na watu wenye hekima hiyo hawatakuamini tena.

Unapomkaribisha mtaalamu wa tiba asili darasani, mweleze mapema na wazi ni nini kitaandikwa, nani atakisoma, na kwamba hatatakiwa kutaja kipimo wala mchanganyiko. Akikataa kurekodiwa, asirekodiwe. Maelezo yake yasipandishwe kwenye intaneti bila idhini yake, hata kwa nia njema ya kuitangaza shule. Wanafunzi wa vidato vya juu wanaweza kujadili kwa nini. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa matumizi ya kiungo cha manjano katika kuponya vidonda, jambo lililojulikana India kwa karne nyingi, na hataza hiyo ilibatilishwa mwaka 1997 baada ya baraza la utafiti la India kuwasilisha ushahidi wa maandishi ya zamani. Hataza ya Ulaya iliyohusu mafuta ya mwarobaini dhidi ya kuvu ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inadai idhini ya mapema na mgawanyo wa haki wa manufaa pale rasilimali za kijenetiki na maarifa yanayohusiana nazo yanapotumiwa. Shule yako haiuzi dawa, lakini ni mahali pazuri pa kujifunza kuomba ruhusa.

Bustani ya mimea ya dawa ni wazo zuri ikiwa itakuwa kitalu cha majaribio. Bustani nyingi za shule hufa likizo ya kwanza na kuacha vibao vya majina. Otesheni mti uleule uliopungua katika viwanja vyenu, mlinganishe mbegu mbichi na zilizokaa, vipandikizi na mbegu, kivuli na jua. Mbegu za Prunus africana, kwa mfano, hupoteza uwezo wa kuota upesi zikihifadhiwa, na hilo peke yake linaeleza kwa nini miti mama iliyo hai haiwezi kubadilishwa na debe la mbegu ghalani.

Swali lako la mwisho lilihusu kukariri, na hilo huamuliwa na mtihani. Ukiuliza mmea fulani unatibu nini, watakariri. Badala yake wape maelezo ya mmea wasioujua: mti unaochanua baada ya miaka 15, unaovunwa mizizi, usiochipua kutoka kwenye kisiki, wenye mbegu zinazosambazwa na ndege mmoja, na ambao wafanyabiashara wameanza kuununua. Waombe watabiri hali ya miti hiyo baada ya miaka 5 na baada ya miaka 30, wataje takwimu mbili ambazo wangekwenda kuzikusanya kabla ya kuamini utabiri wao, na wapendekeze kanuni moja ya uvunaji pamoja na udhaifu wake. Alama nyingi ziende kwa udhaifu wa kanuni. Atakayeandika kwamba uvunaji upigwe marufuku apate alama chache tu, isipokuwa ameeleza wagonjwa wanaotegemea mti huo watapata nini badala yake.